Jueni cd Kwanza, Hizo Zingine Zitakuja

Wacha niseme hii haraka kabla mniite mshamba: wengi wetu hatujui `cd`. Tunajua nusu yake tu, ile ya kuandika `cd ../../../` kama mtu anapanda ghorofa kwa ngazi na lifti iko hapo. Tukichoka, tunakimbilia kuweka programu mpya.

Kila wiki nakutana na video ile ile. Msee mwenye kibodi ya taa anakwambia utupe `cd`, uweke zoxide, maisha yabadilike. Na hadanganyi sana. zoxide ni kali: inakumbuka folda unazoingia, inazipa alama kulingana na umeingia mara ngapi na lini, halafu ukiandika `z duka` inakurusha huko moja kwa moja. Nilikuwa nayo. Nilikuwa najiona.

Mpaka nikaenda atachimenti. Supavaiza akanipa seva ya mteja nichunguze shida. Nikaingia kwa ssh, vidole vikaandika `z`. Terminali ikanijibu haijui hiyo amri. Nikajaribu tena, eti labda haikusikia. Na seva ya mtu si mahali pa kuweka programu zako. Basi nikaanza kuandika njia yote: `/var/log/nginx`, kisha `/etc/nginx/sites-available`, kisha `/var/log/nginx` tena, herufi kwa herufi, jamaa amesimama nyuma yangu. Akanyoosha mkono, akaandika `cd -`. Tukarudi tulikotoka. Akaandika tena, tukarudi kule kwingine. Hakusema kitu. Heri angenitusi.

Hicho kistari kilikuwa hapo siku zote. Na hakiko peke yake. `cd` tupu inakupeleka nyumbani. Kitufe cha Tab kinamalizia jina la folda. Kwa bash na zsh, `pushd` inakupeleka mahali huku ikikumbuka ulipokuwa, na `popd` inakurudisha. Bash yenyewe ilitoka 1989. Hizi si siri, ni uvivu wetu.

Inayoniuma zaidi ni `CDPATH`. Weka mstari huu kwa `.bashrc`:

`CDPATH=.:~/kazi`

Ukifungua terminali mpya, `cd duka` inakuingiza `~/kazi/duka` hata uwe umepotelea wapi. Hiyo nukta inatangulia ili kama kuna folda ya `duka` hapo ulipo, hiyo ndiyo ishinde. Na ukiwa kwa seva unauandika papo hapo, na folda za huko, bila kuweka programu yoyote. Kazi niliyoitafutia programu nzima, mstari mmoja ulikuwa unaifanya.

Utaniambia, si zana ni za kurahisisha kazi? Ni kweli, na sisemi ufute zoxide. Kwa laptopu yangu bado iko. Nasema isiwe kitu cha kwanza kumfundisha mtu anayeanza. Wengi wetu tunajifunza kwa mashine zisizo zetu: lab ya chuo, saiba, laptopu ya kuazima. Huko huruhusiwi kuweka kitu, na kesho mtu amefuta kila kitu. Kilicho kichwani mwako ndicho unachotoka nacho.

Na sisi wa kutengeneza video tukubali ukweli. `cd -` haijazi video. Haina rangi, haina cha kupakua, sekunde tatu imeisha. Ndiyo maana hatuifundishi. Tunawapa watu lifti ya jengo moja halafu tunashangaa wakikwama kwa jengo lingine.

Fungua terminali sasa hivi. Ingia folda mbili tofauti, kisha andika `cd -` mara tatu. Kama umeshtuka, hii ilikuwa yako.