Kroshia ya Tunisia: Hesabu Kabla ya Kurudi

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa kazi za mikono twataka kunena habari za ufumaji uitwao kroshia ya Tunisia. Wengi wenu mwaijua kroshia ya kawaida, ile ya vitambaa vya meza. Hii ni ndugu yake, ila desturi zake ni nyingine. Wala si kazi mpya: Bibi Thérèse de Dillmont, mzaliwa wa Austria, aliieleza katika kitabu chake kikubwa cha kazi za sindano kilichotoka mwaka 1886.

Chombo chake ni kulabu ndefu, yenye kifundo nyuma ili vitanzi visianguke. Maana katika kroshia ya kawaida hubaki kitanzi kimoja tu juu ya kulabu. Bali katika hii vitanzi vya safu nzima hukusanyika juu yake kwanza, ndipo hufungwa.

Anayeanza na afanye hivi. Asuke mnyororo wa vitanzi 20. Kitanzi kilicho juu ya kulabu huhesabiwa kuwa cha kwanza. Basi aliruke tundu la mnyororo lililo karibu nacho, na katika kila moja la mengine avute kitanzi, akiache juu ya kulabu. Akifika mwisho atakuwa na vitanzi 20. Hiyo ndiyo njia ya kwenda. Katika kurudi hageuzi kazi: avute uzi kupitia kitanzi kimoja tu, kisha kupitia viwili viwili, hata kibaki kimoja. Kwenda na kurudi ni safu moja.

Sasa ataona vijiti vya uzi vimesimama mbele yake kama fito za ua. Cha kwanza, kilicho chini ya kulabu, asikiguse. Katika vingine vyote apitishe kulabu toka kuume kwenda kushoto, avute vitanzi kama kwanza.

Nasi tulipoanza, tulikuwa na sufu tuliyoiweka kwa blanketi la mtoto aliyetazamiwa nyumbani, wala hapakuwa na fedha ya kununua nyingine. Tulifuma kwa furaha jioni nne. Ya tano bibi yetu akalitandaza magotini, akacheka: “Wajukuu zangu, hili ni blanketi au tanga la ngalawa?” Kweli, chini lilikuwa pana, na juu jembamba. Tukahesabu: tulianza na vitanzi 60, vimebaki 34. Kijiti cha mwisho, kinachojificha katika ukingo wa kushoto, tulikuwa tukikiacha safu baada ya safu.

Mmoja wetu alitaka tuendelee, tukafiche kosa kwa kuzungusha ukingo. Lakini blanketi lisingenyoka. Tukalifumua lote. Sufu haikupotea hata shubiri moja; zilizopotea ni jioni zetu. Mtoto akazaliwa blanketi lingali nusu, akafunikwa kanga ya bibi. Lilipokwisha, alikuwa amekwisha jua kuketi.

Na tungaliweza kuliona kosa siku ile ile ya kwanza! Kwa maana hii ndiyo fadhili ya kazi hii: kabla ya kurudi, vitanzi vyote vya safu vipo machoni pako. Vihesabu. Ukikuta 19 badala ya 20, tafuta kilichoachwa, maana kukirudisha ni kazi ya kitambo kidogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno jingine: kitambaa hiki hupenda kujikunja kama jani kavu. Msidhani mmekosa. Tumieni kulabu nene kidogo kuliko ile mliyoizoea kwa uzi huo, wala msikaze mkono.

Nanyi waalimu, waanzisheni wanafunzi kwa kipande cha vitanzi 20, si kwa blanketi. Na kila mtoto ahesabu kwa sauti kabla ya kurudi. Kwaherini hata mwezi ujao.