Mama mkwe alipowakuta kuku wanakula uwele

MIMI ni mfugaji. Usinicheke. Uani kwangu Mbagala nina kuku wa mayai 60, na hao ndo wanaolipa ada ya watoto. Sasa mahindi yalipopanda bei, jamaa mmoja wa pale sokoni Tandale akaninong'oneza: "Kaka, chukua uwele." Nikabeba gunia.

Asikwambie mtu, uwele ni mali. Protini yake inaizidi ya mahindi, na punje ni ndogo, kuku anaila nzima nzima bila wewe kupanga foleni mashineni. Tena hauna ule ukakasi wa mtama mwekundu, ambao kuku akiushindilia anadumaa. Nikachanganya na mashudu, dagaa na chokaa, wakataga bila kinyongo. (Ukiona kiini kimepauka, watupie mchicha.)

Basi bwana, Jumamosi akaingia mama mkwe kutoka Kongwa. Hata chai hajamaliza, akatoka uani kunawa. Kimya. Mara nikasikia: "Mkwe wangu, hiki mnachowamwagia kuku ni nini?"

Nikajibu kwa mbwembwe. Nikamtajia na protini.

Yule mama aliinama, akaanza kuokota punje mavumbini, moja moja, akizitia kwenye pindo la khanga. Mtu anayekaribia miaka 80! Mimi nimesimama na ndoo yangu. Nimshike mkono nimwinue? Mama mkwe hashikwi hovyo. Niiname naye? Nikabaki kama mlingoti.

Jioni ndo akasema, tena hakuniambia mimi, alimwambia binti yake huku mimi nasikia. Mwaka 1974 mvua iligoma, mahindi ya majirani yakakauka hata mbelewele hayajatoa. Watu wakapanga foleni ya unga wa njano wa msaada. Yeye alikuwa na kihenge cha uwele wa mwaka wa nyuma. Akawa anaupima kwa kikombe, kimoja kwa siku, watoto watatu. "Wewe ulikuwa mgongoni," akamwambia.

Mama watoto akalia. Najua kwa nini. Bweni zima lilimcheka kwa ugali mweusi wa kwao, na tangu siku hiyo ni sembe tu, nyeupe kama karatasi. Miaka 25 ya ndoa nimeoa Mgogo, ugali wa uwele sijauonja kwangu!

Jumapili bibi akatwanga, akapepeta, akasonga. Mlenda pembeni. Ugali rangi ya saruji. Watoto wakatazamana, kisha yule mdogo akauliza: "Huu si wa kuku?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi akacheka peke yake, akamwonyesha ungo. "Wa kuku ni zile pumba, mjukuu wangu." Kwao ndivyo: punje za watu, pumba za kuku, na mkishavuna, mbuzi na ng'ombe wanaingia shambani kwenye mabua. Ugali tuliumaliza.

Nikataka kujikomboa. Nikamwambia, mama, hata Umoja wa Mataifa uliufanya 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa uwele, ulezi na ndugu zao. Akanitazama. "Mwaka mmoja tu?"

Kaondoka Alhamisi. Katuonya tusisage mwingi, unga wa uwele una mafuta, ukikaa unakuwa mchungu. Kwa hiyo mama watoto anasaga kidogo kidogo, na gunia limehamia jikoni. Kuku wanakula pumba, mayai yamepungua kama trei moja kwa wiki, na ada ya muhula inadaiwa.

Mahindi yakikataa kushuka nitanunua gunia jingine la uwele, hilo la bandani. Ila nimemwomba mama watoto, mama yake akipanda basi, anipigie simu mapema.