Sauti ya Binti, Maneno ya Mtu Mzima

“Umri ni namba tu.” Kina mama waliokuwa wasichana mwaka 1994 huenda wakakumbuka kwamba hilo ndilo lililokuwa jina la wimbo, na la albamu ya kwanza, ya Aaliyah wa Marekani. Vijana wetu wangali wanausema msemo huo bila ya kujua ulikopita. Katika wimbo, binti anambembeleza mwanamume aliyemzidi umri aondoe hofu.

Mwimbaji alikuwa na miaka 15. Mtunzi wa maneno, R. Kelly, alikuwa na miaka 27. Hapo ndipo tunapowaomba wazazi watue kidogo: mtu mzima ametunga ombi, kisha amelitia kinywani mwa mtoto, ili ionekane kuwa mtoto ndiye mwombaji.

Agosti ya mwaka huohuo walifunga ndoa katika jimbo la Illinois, na hati ikaandikwa kuwa bibi harusi ana miaka 18. Ndoa ikabatilishwa mwaka 1995. Mwaka 2021 mahakama ya New York ilimtia Kelly hatiani, na miongoni mwa yaliyothibitishwa ni hongo ya kumpatia binti huyo kitambulisho cha uongo. Mwenyewe hakuishi kuyaona. Alifariki katika ajali ya ndege mwaka 2001.

Sauti yake ilikuwa nzuri, hatukatai. Lakini mabinti zetu wakiuimba, kabla ya kuwanyamazisha tuwaulize: maneno haya aliyaandika nani, naye alikuwa akitaka nini?