Kabla ya kuomba shamba, omba kona ya mzinga

Wewe kijana wa Meru au Embu unayengoja mzee akugawie shamba, hebu tuongee. Utangoja sana. Ekari mbili zikigawiwa watoto watano, kila mmoja anabaki na kipande cha nyumba na banda la kuku, basi.

Lakini kama kwenu ni sehemu za baridi na mzee amepanda matufaha, nafasi yako ninaiona. Wauzaji wa miche mtandaoni hukuonyesha tunda jekundu, wakapiga hesabu ya mamilioni, kisha wakanyamaza. Hawakwambii kwamba aina ya Anna, iliyotoka Israel, haizai vizuri ikiwa peke yake. Inataka jirani wa aina nyingine anayechanua wakati mmoja nayo, mara nyingi Dorsett Golden kutoka Bahamas. Na chavua haitembei yenyewe, hubebwa na nyuki.

Tena kwetu hakuna baridi kali ya kuuambia mti ulale. Mkulima hulazimika kung'oa majani kwa mkono baada ya kuvuna ili uchanue upya. Sasa amefanya kazi hiyo yote, maua yametoka, halafu anapiga dawa ya wadudu saa nne asubuhi, nyuki wakiwa kazini. Huo ni ukulima gani?

Kwa hivyo mwambie: "Baba, sitaki ekari. Nipe kona ya mizinga, na maua yakitoka tusipige dawa." (Nasema mzinga wa nyuki, si ule wa kupiga marafiki ukikosa nauli.) Nyuki hawaulizi hatimiliki. Wanaruka hata kilomita tatu, wanakula kwa jirani, asali inabaki kwako. Kule Mbeere wazee wametundika mizinga ya magogo mitini tangu jadi. Ukitaka wa kisasa upo wa KTBH, uliobuniwa hapa Kenya miaka ya 1970, ambao fundi yeyote wa mbao anauweza.

Nyuki wetu ni wakali, hilo sikufichi. Weka mizinga mbali na zizi na njia ya watoto.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kilimo. Lakini naamini mzee akiona matufaha yameongezeka, ataanza kukusikiza hata kuhusu shamba lenyewe. Ila mapema kabisa, mbele ya mama, mkubaliane asali ni ya nani.