Dubai haiko mbali, saa zinaliwa ardhini

Mfanyabiashara wa Mushasha, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga, akitaka kufuata nguo au simu Dubai, huuliza kwanza nauli. Swali la pili ni muda, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu.

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Melchior Ndadaye, Bujumbura, hadi Dubai ni kilomita zipatazo 4,240 kwa mstari ulionyooka. Wengi hupitia Addis Ababa, na kituo hicho hulaumiwa kwamba kinazungusha abiria. Ramani inasema vingine. Bujumbura hadi Addis ni kilomita 1,725, na Addis hadi Dubai 2,520, jumla karibu 4,245. Addis iko njiani kabisa. Kupitia Nairobi kunaongeza kilomita 190 hivi tu. Hata Guangzhou, iliyo umbali wa kilomita 9,540, njia ya Addis inarefusha safari kwa kilomita zisizofika 250.

Basi saa zinaliwa wapi? Ardhini. Angani hadi Dubai ni kama saa sita na nusu kwa ndege mbili. Lakini wa Gitega ana kilomita 100 hivi za barabara hadi Bujumbura, na wa Muyinga karibu 200 za milima na kona, huku uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni ukifanya hata kupata gari kuwa kazi. Ongeza kufika uwanjani mapema na kusubiri ndege ya pili, siku nzima imekwisha.

Kwa wa Muyinga, Kigali ilikuwa uwanja wa karibu zaidi. Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, njia hiyo ikakatika. Ndege haikuongeza hata kilomita moja. Mpaka ndio ulioongeza.

Kuna pia mtego wa tiketi. Saa zinazoandikwa ni za kila mji. Dubai iko mbele ya Bujumbura kwa saa mbili, Guangzhou kwa saa sita. Ukiondoka 14:00 na kufika Dubai 00:30, umesafiri saa nane na nusu, si kumi na nusu. Na tiketi ikisema 00:30 Jumamosi, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Anayekwenda uwanjani Jumamosi jioni ameshaachwa.

Soko moja la usafiri wa anga Afrika lilizinduliwa Januari 2018 ili nauli zishuke na safari ziongezeke. Ni jambo jema, lakini halitamfikisha mtu uwanjani. Serikali za Jumuiya zikitaka kufupisha safari ya mfanyabiashara, zianze na barabara, mafuta na mipaka. Naye mfanyabiashara ahesabu muda kuanzia mlangoni kwake, si kuanzia ndege inaporuka.