Talaka Isiyoandikwa ni Mzigo kwa Mwananchi

Ndoa inapofungwa, ukoo mzima hushuhudia. Inapovunjika, aghalabu hubaki minong'ono ya majirani na maneno ya wazee wachache. Hapo ndipo unapoanzia usumbufu mkubwa unaowapata wananchi wengi, hasa akina mama, ambao miaka kadhaa baada ya kutengana na waume zao hutakiwa kuthibitisha kwa maandishi jambo ambalo kila mtu kijijini analijua, wasiweze.

Mfano wa hali hiyo hauko mbali. Kata ya Kisongo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, iko magharibi ya Jiji la Arusha kwenye barabara kuu iendayo Makuyuni na Dodoma. Ni makazi ya Waarusha na Wamaasai wenye desturi madhubuti za ndoa na mahari ya ng'ombe, pamoja na watumishi, wafanyabiashara na wakulima waliotoka mikoa mingine. Wapo waliofunga ndoa kanisani, wapo waliofunga msikitini, wapo waliofunga bomani, na wapo wengi waliooana kwa mila. Namna za kuoana ni nyingi, lakini sheria ya kuvunja ndoa ni moja.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ukoloni uliacha nchi ikiwa na sheria mbalimbali za ndoa, kila kundi la watu na yake. Serikali ilitoa mapendekezo yake katika Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969, yakajadiliwa kwa mapana, na hatimaye Bunge likapitisha Sheria ya Ndoa, Na. 5 ya mwaka 1971. Sheria hiyo iliheshimu dini na mila katika kufunga ndoa, lakini katika kuivunja iliweka msingi mmoja: ni Mahakama peke yake yenye mamlaka ya kutoa talaka, na mke anayo haki ya kuiomba sawasawa na mume.

Zaidi ya nusu karne imepita, lakini msingi huo bado haujaeleweka vya kutosha. Baadhi ya watu huamini kwamba ndoa imekwisha pale ng'ombe wa mahari wanaporudishwa, au pale mume anapoandika barua ya talaka, au pale wanandoa wanapoishi mbalimbali kwa miaka mingi. Hata ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu inahitaji amri ya Mahakama. Sheria inasema kwamba Baraza likishathibitisha kushindwa kuwapatanisha wanandoa, na baada ya hapo mmoja wao akatenda tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, Mahakama itatamka kwamba ndoa hiyo imevunjika. Tamko hilo ni la Mahakama, siyo la barua.

Safari ya kuomba talaka huanzia katika kata. Mlalamikaji hupeleka shauri lake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Zipo jumuiya, za dini zikiwamo, zenye mabaraza yao yanayotambuliwa. Baraza huwaita wote wawili, huwasikiliza na kujaribu kuwapatanisha. Likishindwa, hutoa hati inayoeleza lililoyaona. Hati hiyo ndiyo tiketi ya kuingilia mahakamani, na haina budi kuwa imetolewa katika muda usiozidi miezi sita kabla ya maombi kufunguliwa.

Yapo mazingira machache ambayo sheria huyasamehe: kwa mfano, mwenzi aliyetoroka na asiyejulikana aliko, aliyeitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika, au aliyefungwa gerezani maisha au miaka isiyopungua mitano. Aidha, ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haiwezi kuombewa talaka bila idhini maalumu ya Mahakama.

Sasa, tatizo liko wapi? Tatizo kubwa liko katika karatasi. Kanuni zilizotolewa mwaka huohuo wa 1971 ziliweka fomu maalumu ya hati ya Baraza. Lakini badala ya hati, mwananchi wakati mwingine hupewa kipande cha barua chenye mistari mitatu, kisicho na majina ya wajumbe, wala tarehe ya kikao, wala maelezo kwamba usuluhishi ulifanyika ukashindikana. Mama huyo hufungua shauri kwa imani kamili. Hupoteza siku za kulima na nauli za kwenda na kurudi mjini. Hupata talaka na mgawo wa mali. Kisha mume hukata rufaa, na rufani inapokaguliwa inaonekana kwamba hati ya Baraza ilikuwa batili. Mahakama za juu zimekwisha kufuta talaka kwa sababu ya namna hiyo, na Mahakama ya Rufani ilifanya hivyo mwaka 2020. Mlalamikaji hurudishwa mwanzo wa njia kwa kosa ambalo si lake, bali la mtu aliyeshika kalamu.

Hasara hiyo si ndogo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa, mali waliyochuma wanandoa kwa juhudi za pamoja hugawanywa Mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kwa wanawake wa Tanzania. Lakini ushindi huo humfaidia nini mama wa Kisongo aliyepika, aliyekamua ng'ombe na kulima shamba kwa miaka ishirini, ikiwa mlango wa Mahakama umefungwa kwa sababu ya hati mbovu?

Watumishi wa umma nao wasidhani jambo hili ni la watu wa vijijini tu. Mwalimu anapofariki, jalada lake la utumishi huonyesha jina la mke aliyemwoa kanisani miaka mingi iliyopita, na nyumbani yupo mama mwingine mwenye watoto. Ndugu husema yule wa kwanza aliachwa zamani. Wapi? Mbele ya nani? Kama hakuna amri ya Mahakama, yule wa kwanza bado ni mjane halali, na ndoa ya pili haikuwa ndoa, kwa kuwa ndoa ya mke mmoja hairuhusu nyingine kabla haijavunjwa kisheria. Mirathi hukwama, mafao hucheleweshwa, na watoto wasio na hatia hugombanishwa juu ya kaburi la baba yao.

Ndiyo maana kumbukumbu ya talaka ina thamani sawa na talaka yenyewe. Mahakama ikishatoa amri, nakala iliyothibitishwa hupaswa kuchukuliwa na kutunzwa, na talaka kusajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ambao ndio wanaotunza daftari la ndoa na la talaka nchini. Anayetafuta kumbukumbu ya zamani huanzia kwenye masijala ya Mahakama iliyosikiliza shauri, akiwa na majina kamili ya wanandoa, mwaka na, ikiwezekana, namba ya shauri. Asiyejua ni Mahakama ipi hana budi kuanzia katika kata alikokuwa akiishi mume, kwa sababu ndiko kwa kawaida shauri lilikopelekwa barazani. Kama daftari la Baraza halikutunzwa, uzi hukatika hapohapo.

Wapo watakaosema kwamba kuwafundisha watu utaratibu wa talaka ni kuhimiza talaka. Hoja hiyo haina nguvu. Sheria yenyewe imetanguliza upatanishi, na Baraza linalofanya kazi yake kwa makini huokoa ndoa nyingi kuliko baraza linalogonga mhuri ili watu waondoke. Wengine watasema kwamba wazee wa ukoo na Laigwanani wanatosha. Ni kweli kwamba Waarusha wana hazina kubwa ya busara katika kusuluhisha; mtaalamu wa Kiingereza Philip Gulliver aliandika kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 1963, juu ya namna koo na marika yao yalivyoamua magomvi bila kutegemea boma. Busara hiyo isitupwe. Wazee wapatanishe, na wakishindwa, neno lao lifikishwe barazani na liandikwe. Mila na sheria zinaweza kutembea pamoja, mradi mwisho wa safari uwe ni maandishi yanayotambulika.

Kazi iliyopo haihitaji fedha nyingi. Kila kata iwe na daftari la Baraza la Usuluhishi lenye tarehe, majina ya wajumbe waliohudhuria na matokeo ya kila shauri, na daftari hilo likabidhiwe kwa maandishi kila Mtendaji anapohamishwa. Fomu za hati zipatikane ofisini, na hati itolewe upesi usuluhishi unaposhindikana, bila kumzungusha mwananchi. Makarani wa Mahakama wamweleze kila anayepata amri ya talaka kwamba imebaki hatua ya usajili. Maofisa utumishi wawakumbushe watumishi kurekebisha taarifa za wenzi wao, wakiwa na hati mkononi.

Walimu wana nafasi ya pekee. Katika vijiji vingi mwalimu ndiye mtu ambaye mwananchi humwendea amsomee barua na kumwandikia nyingine. Mwalimu anayejua kwamba hati ya Baraza ina uhai wa miezi sita anaweza kumwokoa jirani yake na hasara ya miaka. Kisingizio cha lugha nacho kimeondoka, kwani tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya Mahakama. Vilevile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imefungua njia kwa wasio na uwezo kupata ushauri bila malipo.

Taifa lilipopitisha Sheria ya Ndoa lilikusudia kwamba haki ya mama wa Kisongo na haki ya mke wa ofisa wa mjini ziwe haki moja. Kusudio hilo haliwezi kutimia kwa maneno ya majukwaani. Litatimia siku ambayo mama huyo ataingia ofisi ya kata, atasikilizwa kwa heshima, na kutoka akiwa na hati iliyo kamili.