Ziwa Hufungwa, Wakubwa Je?

Tarehe 15 Mei, 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi 3, samaki wapate kuzaana. Katika mwalo wa Katonga, hapa Kigoma, wavuvi wa dagaa walitakiwa kuweka chini nyavu zao. Mvuvi asiye na akiba aliambiwa kwamba manufaa ya wote yashinda tumbo la mmoja. Neno hilo ni la haki. Lakini twauliza: mbona wakubwa watokao madarakani hawaambiwi hivyo?

Tutazame Marekani. Trent Lott wa Mississippi aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1973, akawa seneta mwaka 1989, hata akawaongoza wenziwe katika Seneti. Mwaka 2007 ilitungwa sheria ya kumkataza seneta aliyeondoka asiwashawishi wenziwe kwa ujira mpaka ipite miaka 2, badala ya mmoja wa awali. Nayo ingewashika watakaoondoka baada ya tarehe 31 Desemba. Lott aliondoka tarehe 18 Desemba. Alisema sheria ile haikuwa na uzito mkubwa katika uamuzi wake. Lakini Januari 2008 yeye na John Breaux, seneta wa zamani, walitangaza kampuni yao ya ushawishi.

Watetezi wa desturi hii husema kila mtu ana haki ya kuuza ujuzi wake. Kweli, daktari na auze, na fundi na auze. Lakini mlango unaofunguka kwa kutajwa jina la kiongozi si ujuzi: ni amana ya wapiga kura. Amana hurudishwa, hainadiwi.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi wetu kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili au zaidi, na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yakalegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 yamtaka kiongozi atangaze mali yake. Vema, lakini urafiki wa mawaziri na siri za vikao ataviandika katika safu ipi?

Hapana budi kiongozi atokaye naye awekewe msimu wa kufungwa. Ikiwa mvuvi aliagizwa kuvumilia miezi 3 bila mshahara, mwenye kiinua mgongo aweza kuvumilia miaka 3. Wanafunzi wetu wa sheria na waanze kuuandika mswada huo.